Brosi Laini Shimoni

Nitaanza na vidole vya kapita, maana ndivyo vilivyonifundisha kuchagua brosi ya meno. Vilikuwa vinene, kucha zake zimepasuka, na vilikuwa na ladha ya mafuta ya pampu na jasho la watu wengine. Kila alasiri tulipotoka shimoni, pale mlimani nje ya Salamabila, tulipanga mstari mbele ya geti la miti, tukavua mashati, tukageuza mifuko ya suruali, tukafungua vinywa. Kapita alikuwa msimamizi aliyewekwa na mwenye shimo, tajiri ambaye sisi makreseri, yaani wachimbaji wadogo, tulimwita PDG, na kazi ya kapita ilikuwa kuhakikisha hakuna chembe ya dhahabu inayopita getini tumboni au mdomoni mwa mtu. Aliingiza vidole viwili, akavizungusha kati ya shavu na meno, akabonyeza ufizi wa juu, akabonyeza wa chini, akavitoa na kuvitazama juani. Halafu alivifuta kwenye suruali yake na kuingia kinywa cha anayefuata.

Alichokuwa anatafuta ni damu. Kabla sijafika pale, mchimbaji mmoja alijichana ufizi kwa wembe, akachomeka chembe ya dhahabu ndani ya nyama na kuibana kwa ulimi. Alikamatwa kwa sababu alicheka, damu ikamtoka kwenye meno. Toka siku ile ikawa sheria ya shimo letu: kidole kikitoka na damu, wewe ni mwizi. Haikuandikwa popote, wala haikuhitaji kuandikwa. Tuliijua sote kama tunavyojua njia ya kwenda chooni.

Na mimi fizi zangu zilitoka damu tangu utoto.

Sikuzaliwa nazo hivyo. Ni kazi ya baba yangu, Mungu amrehemu, na ya brosi alizokuwa anauza dukani kwake Kasongo. Kwetu mti ndio mswaki, ule ambao bibi yangu aliutafuna kila alfajiri kabla ya swala mpaka ncha ikawa nyuzi laini, na meno yake alizikwa nayo karibu yote. Ile ya plastiki tuliiita brosi, na baba aliiona kuwa ni maendeleo. Alitununulia mimi na kaka yangu zile ngumu kabisa, zenye nywele ambazo zingeweza kusugua sufuria, akatupakia unga wa mkaa juu yake na kutusimamia uani mikono kiunoni.

"Sugua! Sugua, damu mubaya itoke!"

Hilo ndilo kosa letu, na nadhani ni la nyumba nyingi za kwetu. Damu ilipotoka kwenye ufizi hatukuona jeraha, tuliona uchafu unaondoka. Kadiri ilivyotoka ndivyo tulivyosugua zaidi. Aliyesugua taratibu, baba alimshika shingo na kumsugulia mwenyewe, na mkono wa baba ulikuwa umezoea kubeba magunia ya chumvi. Mimi na kaka tukaufanya mchezo. Tulitema ukutani tuone ya nani nyekundu zaidi. Mara nyingi nilishinda mimi, na nilijivuna nikaenda shule nikiwa na ladha ya chuma mdomoni.

Kaka yangu alinitangulia kwa miaka minne, na alinitangulia pia kwenda Salamabila. Mtu mkubwa, mabega kama mlango, mcheshi, mzito wa kukasirika. Mimi ndiye mwenye mkono mwepesi. Nikiwa mdogo nilimpiga mwalimu wa chuo cha Kurani kwa kibao cha kuandikia, na nikiwa mkubwa sikubadilika sana. Baba alipofariki na duka likafa nyuma yake, kaka alituma ujumbe kwa mwendesha pikipiki kwamba shimoni iko kazi ya watu wawili. Nikapanda pikipiki ileile, nikakaa juu ya gunia la mpunga mpaka nikafika makalio yamekufa ganzi. Nilimwita yaya, kama kwetu tunavyomwita mkubwa wako, naye alinipokea kwa kunipiga kofi la mgongo lililonifanya nikohoe.

Tulilala kibanda kimoja cha turubai. Mimi nilipewa kuvuta kamba za ndoo, yeye alikuwa anatwanga mawe kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, halafu unga ule unaoshwa. Kila asubuhi tulichukua brosi zetu ngumu na mkaa, tukasugua kama baba alivyotufundisha. Nilijua kuhusu sheria ya kapita. Kwa sababu hiyo nilisugua kwa nguvu zaidi, ili damu yote mbaya itoke asubuhi na alasiri isibaki hata tone. Leo nikikumbuka akili ile natamani kujizaba kibao.

Wiki ya pili kidole cha kapita kilitoka kinywani mwangu kikiwa chekundu.

Alikitazama, akanionyesha, kama fundi anavyomwonyesha mteja kipuri kilichovunjika. Halafu alinipiga ngumi ya tumbo nikapiga magoti.

"Umeficha wapi?"

"Kapita, sina kitu. Meno yangu iko vile tangu utoto."

"Fungula kinywa! Fungula muzuri!"

Walinishika watu wawili, mmoja mikono na mwingine nywele. Kapita alichukua spoki ya baiskeli, akaanza kuchokoa ufizi wangu jino kwa jino, akitafuta chembe ambayo haikuwepo. Nimewahi kuvunjika kidole na nimewahi kuungua maji ya moto, lakini sijawahi kupiga kelele kama siku ile. Nilimuuma. Akanitandika ubapa wa koleo sikioni, na sikio hilo mpaka leo linavuma mvua ikikaribia.

Kaka ndiye aliyetoka kwenye mstari. Kutoka kwenye mstari kulikuwa kosa pia.

"Muache! Huyu ni mudogo yangu! Tulikuwa tunatema damu pamoja kwa baba yetu, mimi najua! Muache!"

Walimpiga mpini wa nyundo mgongoni, mara tatu au nne, akabaki amesimama anarudia maneno yaleyale. PDG mwenyewe alikuja kutazama kelele ni za nini. Hawakupata kitu mdomoni mwangu, basi wakaniacha. Kapita aliosha vidole kwenye ndoo ya maji tuliyokuwa tunakunywa, akanipa onyo mbele ya wote.

"Leo nimechokoa. Nikikuta damu mara ya pili, nitatoa meno yenyewe, niangalie chini yake."

Hakuwa mtu wa kutishia bure. Nilikuwa nimemwona akivunja mkono wa mtu kwa sababu ya betri ya tochi.

Kuondoka nisingeweza. Kasongo alikuwa amebaki mama peke yake na nyumba yenye bati lililotoboka, na chakula chake kilitoka kwa sisi wawili. Kwa hiyo nilikuwa na jambo moja tu la kutafuta duniani, nalo ni fizi zisizotoka damu. Ukaguzi ulikuwa kila siku. Kwa siku chache za mwanzo niliponea kwa sababu kapita alikuwa amesafiri, na aliyeshika zamu yake alichukia mate ya watu, akatazama tu bila kugusa. Siku zile nilitembea kwa mguu mpaka kituo cha afya, mdomo umevimba hata ndizi haipiti.

Muuguzi wa pale alikuwa mwanaume mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliangalia kinywa changu, akauliza nani amefanya hivi. Nikasema spoki. Akasema spoki anaiona, yeye anauliza kuhusu vile vidonda vya zamani. Nikamweleza mkaa, brosi ngumu, na damu mbaya. Alivua miwani.

"Hakuna damu mubaya hapo. Iko damu yako tu, unajimwaga kila asubuhi. Unasugua meno ao unasugua jiwe?"

Nilitaka kumpiga. Kisha nikacheka, ikauma, nikanyamaza. Yule mtu alinifundisha mambo ambayo baba yangu muuza brosi hakuwahi kuyajua. Alisema uchafu unaokaa kwenye mpaka wa jino na ufizi ndio unaovimbisha, na hauondoki kwa nguvu, unaondoka kwa subira. Brosi iwe laini, ile ambayo kwenye karatasi yake imeandikwa supule kwa Kifaransa. Kichwa chake kiwe kidogo, kifike nyuma kwenye magego bila kugonga shavu. Uishike kwa vidole kama kalamu, usiikamate kama nyundo. Uilaze kidogo kuelekea ufizini, uzungushe polepole, asubuhi na kabla ya kulala. Mkaa uache. Nywele zikianza kufunguka huku na huku, itupe, usisubiri iwe fagio. Na ni ya mtu mmoja.

"Siku za kwanza itatoka damu," aliniambia. "Usiogope, usiache. Wiki mbili itakauka."

Wiki mbili, na kapita alikuwa anarudi.

Soko la Salamabila lina kila kitu ambacho kreseri anaweza kutamani, na brosi zilikuwepo mafungu kwa mafungu. Zote ngumu. Nilipita meza hadi meza nikizibonyeza kwa kidole gumba, wauzaji wakinitazama kama mwendawazimu. Mama mmoja aliyekuwa anauza sabuni na nyembe alinieleza sababu bila kuficha. Wateja wake hawanunui brosi kwa ajili ya meno. Wananunua za kusugulia mawe na kufagilia kinu, na brosi laini ingemwozea mezani.

"Baba, laini ni ya watoto," alisema. "Na watoto hapa hawapigi brosi."

Lakini aliinama chini ya meza, akafungua katoni, akanitolea moja. Ilikuwa ya mtoto kweli. Rangi ya waridi, ndogo kama kidole changu cha kati, na kwenye mpini imechorwa sungura aliyevaa suruali. Nilibonyeza nywele zake, zikalala chini kama manyoya ya kifaranga. Nikainunua mbele ya vijana wawili wa shimoni kwetu, na kabla sijafika kambini habari ilikuwa imenitangulia.

Walinicheka mpaka nikapigana na mmoja. Kila asubuhi nilipochuchumaa nyuma ya kibanda na sungura wangu, nikizungusha polepole kama nilivyoagizwa, walikuja kunitazama. Walinibatiza Bebe. Kaka alicheka kuliko wote. Aliniuliza kama nataka pia uji na kubebwa mgongoni, na mimi nikamwambia siku kapita atakapomng'oa meno yeye ndiye atakayekunywa uji. Niliyasema hayo kwa utani. Nimejitahidi kuyasahau.

Siku za kwanza mate yalikuja mekundu, kama muuguzi alivyosema. Zamu yangu ilipofika getini nilikuwa nimekwisha kusukutua maji ya chumvi mara tano. Kapita alirudi siku ya nne. Alibonyeza juu, akabonyeza chini, akavitazama vidole muda mrefu. Vilikuwa na mate ya rangi ya waridi hafifu, lakini jua lilikuwa limeshaanza kuingia nyuma ya mlima na hakuiona, au aliiona akachoka. Siku ya nane rangi ilikuwa imekwisha. Siku ya kumi na mbili niliuma kipande cha muhogo mbichi, nikakitazama pale nilipouma, kilikuwa cheupe. Nilikaa chini nikalia. Mtu mzima, nimeshika muhogo, nalia.

Nilimsihi kaka naye anunue brosi laini. Yeye alisugua taratibu kuliko mimi tangu utotoni, fizi zake zilikuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, na kapita hakuwahi kumkuta na kitu. Alikataa. Lakini alikuwa amevutiwa na jambo lingine kuhusu brosi yangu, na sikulijua mpaka lilipotokea.

Asubuhi moja, baada ya kulala bila kupiga brosi kwa uchovu, nilichota maji, nikachukua sungura wangu kwenye kikombe chake, nikaitia mdomoni. Ilikwaruza. Niliuma mchanga, na juu ya ulimi ikaja ladha ya chuma baridi. Niliitoa nikaitazama. Nywele zilikuwa zimefunguka huku na huku, kijivu mpaka kwenye shina, na katikati yake kulikuwa na unga wa jiwe. Ndani ya unga ule kulikuwa na vitone vinavyong'aa kama fedha. Ilikuwa zebaki, ile dawa nzito ya majimaji tunayoitumia kukamata dhahabu kwenye unga, ambayo hata kwa mikono tuliambiwa tusiishike.

Kaka alikuwa anafunga viatu. Aliniona nikitema, akatabasamu, na ile tabasamu ndiyo iliyoniharibu.

"Yaya, umeifanya nini brosi yangu?"

"Jana nilifagilia kinu nayo, mudogo. Ile unga ndogondogo ambayo brosi ngumu inaacha, yako inaikusanya yote. PDG amenisifu. Nimeiosha, usikasirike."

"Umeiosha?"

"Nimeiosha kwa maji."

Mkono ulitangulia akili. Nilimpiga ngumi ya mdomo akiwa ameinama, na nilisikia midomo yake ikipondeka kwenye meno. Akaanguka nyuma juu ya kitanda cha miti. Nilimrukia nikampiga nyingine. Nilikuwa nasema maneno gani sijui, kitu kuhusu meno yangu, meno yangu, wewe unafikiri ni mchezo. Angeweza kunivunja vipande viwili. Alinishika mikono tu, akanikalia kifuani mpaka pumzi zangu zikatulia, damu yake ikinidondokea usoni.

"Imetosha?" aliuliza.

Aliniachia, akaenda kunawa, na tulipanda mlimani kwenda shimoni. Mchana mzima nilivuta kamba nikiwa na hasira iliyonenepa badala ya kupungua. Nilikuwa nahesabu, sikufichi: brosi imekufa, nyingine kama ile huenda haipo Salamabila nzima, labda Wamaza, labda mpaka Kasongo, na fizi zangu zitarudi zilipokuwa, na spoki, na meno. Yote kwa sababu ya unga mdogomdogo wa mtu mwingine. Kuhusu mdomo wa kaka sikufikiri kabisa.

Yeye alifikiri. Adhuhuri nilimwona pembeni ya pipa akisukutua kwa ajili ya udhu, akatema, akayatazama maji yalivyokuwa kwenye udongo. Alisukutua tena. Alikaa pale muda mrefu kuliko udhu wa mtu yeyote. Aliinua macho akaniona namwangalia. Nikageuza uso.

Alasiri tulipanga mstari. Kuchelewa kupanga mstari kulikuwa sawa na kukiri, kwa hiyo alikuja na wengine, akasimama mbele yangu, kati yetu watu wawili. Kapita alikuwa na haraka siku ile, aliingia vinywani na kutoka. Alipofika kwa kaka alibonyeza juu, na kaka akashtuka kwa maumivu. Vidole vilitoka vyekundu mpaka kwenye fundo la pili.

"Na wewe?" kapita alisema. Sauti yake ilikuwa karibu ya huzuni. "Miaka yote hii, na wewe?"

"Nilijigonga kwa kinu, kapita."

"Kinu kinagonga ndani ya kinywa?"

Alimvuta midomo kwa mikono miwili ili sote tuone. Ufizi wa juu ulikuwa umepasuka mahali ambapo jino lilisukumwa na ngumi yangu, mpasuko mwembamba, mrefu, kama wa wembe. Hata mimi ningesema ni wembe. Watu kwenye mstari walinung'unika. Kapita aligeuka akatutazama mmoja mmoja.

"Nani anajua hii damu imetoka wapi? Aseme sasa."

Nitaeleza kilichokuwa ndani yangu, maana watu huniambia labda nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Nilijua jibu na nilijua ni fupi. Nilikuwa na hasira bado, hilo la kwanza. Na nilidhani wakisikia ni ndugu waliopigana watasema tumepanga wizi pamoja, watatushughulikia wote wawili. Lakini vyote hivyo ni vumbi la juu. Chini yake nilikuwa mwoga. Niliogopa spoki na koleo na vidole vile, na kwa wakati ule nilipenda meno yangu kuliko mtu niliyezaliwa naye tumbo moja. Nilinyamaza.

Walimlaza chali. Kapita hakuchukua spoki. Alichukua nyundo ndogo ya kupasulia mawe na patasi, kama alivyoniahidi mimi, akapanda juu ya kifua chake. Kaka alikuwa na nguvu, walihitajika watu wanne. Jino la kwanza lilivunjika, halikung'oka, na kapita alikasirika kwa sababu hiyo akapiga hovyo. La pili na la tatu yalitoka. Patasi iliteleza ikachana mdomo mpaka karibu na pua. Alikuwa anapekua nyama ile kwa kidole, anatemea pembeni, anapekua tena. Kaka hakuomba msamaha wala hakunitaja. Alitoa sauti moja tu, ya chini, isiyokoma, kama ya mnyama anayesukumwa mlangoni mwa machinjio.

"Hana kitu," kapita alisema mwishoni. Alisimama akatafuta pa kufutia mikono. "Mupelekeni kituo cha afya."

Halafu aliendelea na mstari. Alikuwa amebakiza watu kumi na kitu.

Yule muuguzi mwenye miwani ya uzi alimshona usiku kucha na asubuhi yake, akaondoa vipande vya jino lililovunjika, akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika beseni bila kuniuliza chochote. Shavu lilioza kidogo, likapona. Mwezi ulipokwisha tulirudi Kasongo, yeye mbele kwenye pikipiki na mimi nyuma nikimshikilia. Mama alitoka uani, akamshika uso, akapiga yowe. Kaka alimwambia alianguka shimoni. Alisema vizuri, kwa maneno yenye sauti ya upepo, maana meno ya mbele hayakuwepo ya kuyazuia. Mama alimwamini. Mimi alinishukuru kwa kumrudisha ndugu yangu salama, akanichinjia kuku.

Hatujarudi Salamabila. Kaka analima, ana mke na watoto wawili. Mimi nimefungua tena duka la baba, na nina katoni nzima ya brosi laini ambazo naziagiza kwa taabu. Nawafundisha wateja kuzishika kwa vidole kama kalamu. Wananicheka, wananiita muganga wa meno, na mama zao wanarudi baadaye kusema kweli damu imekoma. Kila nywele za brosi ya kaka zinapofunguka nampelekea nyingine. Anaipokea, anashukuru, anapiga magego yake yaliyobaki kwa uangalifu mkubwa, mbele yangu, kama mtu anayemfurahisha mgeni. Miaka imepita hivyo. Tumecheka pamoja, tumezika pamoja, tumefuturu sahani moja, na habari ile hatukuigusa.

Mwaka huu niligusa. Nilikuwa nimempelekea brosi mpya, asubuhi, alikuwa ameketi kizingitini anamenya karanga. Nilimwambia yaya, nisamehe. Aliuliza nikusamehe nini. Nikasema ile ngumi. Kama nisingekupiga ile ngumi, kapita asingekuta damu.

Aliendelea kumenya karanga mbili tatu.

"Ngumi niliisahau kabla ya adhuhuri," alisema. "Ndugu wanapigana. Mimi pia niliharibu kitu yako."

"Basi kunyamaza kwangu."

"Kunyamaza, wengi walinyamaza." Alipuliza maganda kiganjani. "Walipokuwa wananishika kichwa, kiligeuka kwa upande wako. Nilikuangalia wewe. Nilifikiri utasema. Halafu nikaona mashavu yako inatembea. Ulikuwa unalamba meno, mudogo. Unatia kidole, unaangalia kidole, unalamba tena."

Nilitaka kumwambia hapana, umeona vibaya, ulikuwa na damu machoni. Nilifungua kinywa kabisa ili niseme. Lakini nilikumbuka, pale pale kizingitini, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ni kweli. Kati yangu na kapita walikuwa wamebaki watu wawili, na nilikuwa naangalia kama natoka damu.